Jangwa Liko Nje ya Kijiji: Kuisoma Oman katika Riwaya ya Jokha Alharthi

Muhula uliopita, kabla ya kuanza somo la Fasihi Linganishi, niliwaomba wanafunzi wa mwaka wa tatu waandike kwa muda wa dakika kumi yote wanayoyajua kuhusu Oman. Karatasi nilizokusanya zilifanana mno. Mchanga, ngamia, mafuta, vilemba, jua kali. Wawili walikumbuka kwamba masultani wa Zanzibar walitoka huko. Mwanafunzi mmoja, msichana asiyesema sana darasani, aliandika sentensi moja tu: kwamba huko ndiko walikotoka wauza watumwa, na ndiko dada yake anakofanya kazi za ndani hivi sasa.

Sentensi ile ilinikalisha. Walimu wenzangu mnaofundisha Kiswahili nje ya pwani, hususan hapa Uganda, mnaijua vizuri hoja iliyojificha nyuma yake. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, hatupiti mwezi bila kuulizwa kwa nini tunawafundisha watoto lugha ya Waarabu waliotuuza. Jibu letu la siku zote ni la kiisimu: Kiswahili ni lugha ya Kibantu, sarufi yake ni hii, ngeli zake ni hizi. Jibu hilo ni sahihi, ila halikuwa jibu la yule msichana. Yeye hakuuliza habari za ngeli. Aliuliza habari za nchi na za watu.

Ndipo nikaamua kuingiza katika somo riwaya ambayo nilikuwa nimeisoma kwa ajili yangu mwenyewe: *Sayyidat al-Qamar* ya Jokha Alharthi. Riwaya hii ilitoka Beirut kwa Kiarabu mwaka 2010. Marilyn Booth aliitafsiri kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 2018 kwa jina la *Celestial Bodies*, na mwaka 2019 ikapata tuzo ya kimataifa ya Man Booker, ya kwanza kupewa kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu. Fedha za tuzo hiyo, pauni 50,000, hugawanywa nusu kwa nusu baina ya mwandishi na mfasiri, jambo ambalo wafasiri wetu wangefurahi kulisikia. Alharthi alizaliwa mwaka 1978, alipata shahada ya uzamivu Edinburgh katika fasihi ya kale ya Kiarabu, na amekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Kwa kifupi, ni mwalimu kama sisi. Mimi niliisoma kwa Kiingereza. Kiarabu changu ni cha kuchungulia asili ya maneno tu, si cha kusomea riwaya.

Jina lenyewe lina mtego. Kwa Kiswahili tungeweza kusema "Mabibi wa Mwezi". Lakini bibi kwetu ni mama yake mama, na pia ni mke, na katika Unguja ya zamani alikuwa ndiye mwenye nyumba na mwenye watumwa. Maana hiyo ya tatu inafaa kubaki akilini mwa msomaji.

Turudi kwenye mchanga. Wanafunzi wangu hawakudanganya: sehemu kubwa ya Oman ni jangwa. Nchi ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 309,500, na upande wa magharibi inaingia katika Rub al-Khali, yaani Robo Tupu (robo hiyo ni ileile yetu ya sukari na nyama), jangwa kubwa ambalo Oman inalichangia na Saudi Arabia, Yemen na Falme za Kiarabu. Lakini watu wengi hawakai humo. Kaskazini kuna safu ya milima ya Hajar, ambayo kilele chake, Jabal Shams, kinakaribia mita 3,000. Kati ya milima hiyo na bahari kuna uwanda wa Batinah wenye mitende na miji. Kusini kabisa, Dhofar, kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi, huohuo unaojulikana na mabaharia wetu, huleta ukungu na manyunyu, na milima inageuka kijani. Huko ndiko unakoota mti wa ubani. Tunaponyoosha mkono kutoa ubani msibani, neno tulilolishika limetoka katika biashara ya mti huo, ingawa siku hizi bahasha haina harufu yoyote.

Hata hivyo, kitu ambacho mtu hawezi kuielewa Oman ya bara bila kukijua ni falaj, kwa wingi aflaj. Huu ni mfereji, mara nyingi uliochimbwa chini ya ardhi kutoka kwenye maji yaliyo mlimani au bondeni, ambao unayashusha kwa mteremko mdogo mno hadi kijijini, bila pampu wala mashine. Iko mifereji ipatayo 3,000 inayotumika hadi leo, na mitano miongoni mwake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yakifika huanza kwa kunywewa, kisha msikiti na mabafu, ndipo yaende mashambani. Yanapofika mashambani hugawanywa kwa saa: kila mwenye haki ana zamu yake, iliyopimwa zamani kwa kivuli cha kijiti mchana na kwa nyota usiku. Kipande cha zamu, kiasi cha nusu saa, huitwa athar. Athar hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, hunadiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na shamba na asiwe na maji, au akawa na maji mengi kuliko shamba lake na kuwafanya jirani zake wamnyenyekee.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalofungua riwaya. Msomaji anayetarajia hadithi ya jangwani atakuta hadithi ya kijiji chenye maji. Al-Awafi, kijiji cha kubuni, ni mahali pa mitende, visima, kuta, jamaa wanaojuana hadi babu wa nne, na siri. Mabinti watatu wa nyumba moja wanaolewa, au wanangoja kuolewa. Mayya, aliyezama katika cherehani yake, anaozwa kwa Abdallah mwana wa Mfanyabiashara Sulayman huku moyo wake uko kwa kijana aliyerudi kutoka London, naye anamwita binti yake wa kwanza London, kijiji kizima kikishangaa. Asma, mpenda vitabu, anaolewa na msanii. Khawla anamngoja binamu aliyekwenda Kanada. Kinachosimuliwa ni miaka ambayo nchi iligeuka: kutoka utawala wa Sultan Said bin Taimur, ambao uliiacha nchi na shule tatu tu, hadi Oman ya mafuta na barabara baada ya mwanawe Qaboos kumpindua mwezi Julai 1970. Utumwa nao ulipigwa marufuku mwaka huohuo wa 1970. Nawaomba wasomaji wautazame mwaka huo tena. Wengi wa wasomaji wa jarida hili wana wazazi waliokuwa wamekwisha kuzaliwa.

Sasa hoja yangu. Wahakiki wengi waliisifu riwaya hii kwa kuonyesha mabadiliko ya jamii, na wameisifu kwa haki. Ninachoona hakikusemwa vya kutosha ni namna mwandishi alivyoyapanga mandhari yake. Tumezoea kufundisha kwamba jangwa ni ukame, kifo, upweke. Katika riwaya hii mambo yamepinduliwa. Kwenye maji ndiko kwenye utumwa. Jangwa, lililo nje ya kijiji, ndiko mtu anakopumulia.

Tazama Azzan, baba wa wale mabinti. Usiku anatoka kijijini kwenda kukaa na Mabedui, na huko mchangani anakutana na Najiya, mwanamke aitwaye Mwezi, asiye na bwana wala anayetaka bwana. Yeye ndiye anayemchagua Azzan, si Azzan anayemchagua yeye. Hakuna mwanamke mwingine katika kitabu mwenye uhuru wa namna hiyo, na hakuna anayeweza kuwa nao ndani ya kuta za Al-Awafi. Tazama pia ngoma za zar, zinazofanana sana na ngoma za pepo za mwambao wetu: Zarifa, mtumwa wa Sulayman, anatoka nje ya makazi kuziendea, na huko yeye si mtumwa wa mtu. Kisha mtazame Abdallah. Alipokuwa mtoto baba yake alimwadhibu kwa kumning'iniza kisimani, kichwa chini, kwa kamba ya mtende. Abdallah anasimulia akiwa mtu mzima, ndani ya ndege inayokwenda Frankfurt, na bado anaomba asitiwe kisimani. Katika nchi ambayo kila mtu anatafuta maji, kinachomtisha mwanamume huyu maisha yake yote ni kisima. Mwenye kisima ndiye mwenye watu.

Na mwenye watu alikuwa nao hasa. Tende za Oman zilipopata soko kubwa katika karne ya 19, zikifika hadi Marekani, mashamba ya Batinah yalihitaji mikono, na mikono hiyo ilitoka kwa wingi Afrika Mashariki. Baadaye, njia ya Afrika ilipobanwa, watu walitekwa hata kutoka Baluchistan, ng'ambo ya ghuba. Alharthi anaijua historia hii. Habib, mume wa Zarifa, ni mtu wa Baluchistan aliyetekwa, asiyekubali hata siku moja kwamba yeye ni mtumwa. Zarifa mwenyewe ni wa ukoo uliotoka Afrika, na mwandishi amemzaliwa tarehe 25 Septemba 1926, siku ileile ambapo huko Geneva mataifa yalitia saini mkataba wa kukomesha utumwa. Mama yake alikuwa akitafuta kuni. Hapo mwandishi hapigi kelele. Anaziweka tarehe mbili pamoja na kuendelea na safari yake. Ni ukurasa bora kabisa wa kitabu.

Zarifa ndiye aliyemlea Abdallah, ambaye mama yake mzazi alikufa angali mchanga. Ndiye anayempenda kuliko wote, ndiye suria wa baba yake, ndiye anayeshika nyumba. Ana mwili mkubwa, ana kicheko, na kila anapofungua kinywa hutoka methali. Mwanafunzi yeyote wa fasihi ya Kiswahili atamtambua mara moja, kwa sababu sisi tunaye ndugu yake. Ni Kijakazi wa *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Shafi Adam Shafi, riwaya iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1978: mtumishi aliyezeekea katika kasri la Mwarabu wa Unguja, ambaye uaminifu wake haumnunulii huruma. Hata jina lake ni la hali yake. Kijakazi maana yake ni mtumwa mdogo wa kike, na yeye ni kikongwe.

Shafi aliandika akiwa upande wa Mapinduzi ya 1964, na riwaya yake haifichi hilo. Kasri kwake ni dhuluma, na dhuluma inaondoka kwa kuangushwa. Alharthi anaandika kutoka ndani ya nyumba, kwa jicho la watoto wa wenye nyumba, na kwa hiyo anaona jambo ambalo Shafi hakutaka kuliona: mapenzi. Abdallah anampenda Zarifa kwa dhati, na mapenzi hayo hayapunguzi hata chembe ya ukweli kwamba alinunuliwa. Mwana wa Zarifa, Sanjar, anaposema kwamba sasa wako huru na haoni deni lolote kwa Sulayman, mama yake anakasirika. Sanjar anakwenda zake Kuwait. Wanafunzi wangu waligawanyika vikali juu ya ugomvi huo, na walioudhika zaidi walikuwa wale waliomwona Zarifa mjinga. Mimi simwoni mjinga. Mtu ambaye nyumba ya bwana wake ndiyo nyumba pekee aliyowahi kuijua huambiwa uko huru, nenda, aende wapi?

Lakini hapa ndipo nina malalamiko na mwandishi, na si madogo. Riwaya ina sura nyingi fupi fupi, kila moja ikimfuata mhusika mmoja. Sura za Abdallah zimesimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Zote zilizobaki, pamoja na za Zarifa, ni za nafsi ya tatu. Katika kitabu kinachosifiwa kwa kuwapa sauti wasio na sauti, anayesema "mimi" ni mwana wa mwenye watumwa. Naweza kumtetea mwandishi: huenda ndiyo hoja yake, kwamba anayeumia kwa kukumbuka ni yule aliyerithi, si yule aliyefanyiwa. Huenda pia aliogopa kujitia katika ngozi ya Zarifa. Hata hivyo, methali si sauti. Methali ni maneno ya watu wote, na mtu aliyepewa methali tupu amenyimwa maneno yake mwenyewe. Na upande ule wa bahari walikotoka wazee wake umepewa nafasi ndogo sana. Tunaona walikofikia, walikoondokea tunapaona kama mtu anavyoona pwani kwa mbali akiwa jahazini. Msomaji wa Kampala au Bujumbura atalihisi pengo hilo kuliko majaji wa London.

Jambo la mwisho ni la lugha, nalo ndilo lililotuchukulia vipindi vitatu. Niliwapa wanafunzi kurasa kadhaa za Zarifa wazitafsiri. Kiingereza kinamwita kwa neno moja, mtumwa, na kinamaliza. Kiswahili kilitukatalia. Je, ni mjakazi? Ndiyo, kwa kuwa ni mtumwa wa kike. Ni suria? Ndiyo, kwa kuwa bwana wake alilala naye. Ni mzalia? Ndiyo, kwa kuwa alizaliwa utumwani katika nchi ya bwana, tofauti na mumewe aliyetekwa. Ni yaya? Kwa Abdallah, ndiyo. Sanjar mwanawe tungemwita mtwana au mzalia. Na mtu asiye mmojawapo wa hao aliitwaje? Muungwana. Leo tunamwita muungwana mtu yeyote anayenyamaza anapokanyagwa kwenye basi, tumesahau kwamba hapo zamani maana yake ilikuwa mtu asiyemilikiwa na mtu. Ustaarabu nao tunaufundisha kila siku bila kuutazama usoni.

Nililiambia darasa kwamba lugha haitengenezi majina mengi namna hiyo kwa ajili ya jambo la mbali. Waliotumia maneno hayo walikuwa wasemaji wa Kiswahili, Unguja, Mombasa, Ujiji, Nyangwe, na si wote walikuwa Waarabu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, mwenye asili ya Oman kwa upande mmoja na ya Afrika kwa upande mwingine, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Ahmed bin Ibrahim alipofika katika baraza la Kabaka Suna miaka ya 1840 alikuta wa kufanya naye biashara. Hili halikupendwa darasani. Kijana mmoja alisema nawatetea Waarabu. Nikamwambia aisome tena tafsiri yake, aone amemwitaje Zarifa. Alikuwa amemwita "mfanyakazi".

Riwaya hii si rahisi. Wakati unarukaruka, sura moja uko mwaka 1970 na kitu, inayofuata uko katika utoto wa babu, na majina yanafanana. Ule mchoro wa ukoo uliowekwa mwanzoni uwekewe kialamisho. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataizama. Kwa mwaka wa tatu, ikisomwa sambamba na *Kasri ya Mwinyi Fuad*, sijapata jozi bora kuliko hiyo, na nimeiomba kamati ya mitaala ya idara iijadili.

Yule msichana wa karatasi ya sentensi moja alikiazima kitabu changu wakati wa likizo. Alikirudisha kikiwa na alama za penseli katika kurasa za Zarifa pekee. Akaniuliza juu ya ile orodha yetu ya maneno, kwa sababu dada yake akipiga simu husema kwamba huko kila mtu wa nyumba anamwita *khadama*, mtumishi, wala si kwa jina lake. Je, neno hilo tuliweke karibu na lipi? Nilianza kumweleza asili yake ya Kiarabu, na kwamba tunalo hadimu katika kamusi zetu, lenye maana ya mtumishi na pia ya mtumwa. Akaniambia hilo amekwisha kuliona katika kamusi. Nimemshauri afanye utafiti wake wa mwisho juu ya maneno ya utumishi wa nyumbani katika Kiswahili, naye amekubali, kwa sharti kwamba dada yake asitajwe jina.

Nakala ya kitabu iko ofisini kwangu. Ni moja tu, kwa hiyo anayeihitaji ajiandikishe kwa katibu wa idara na aikae kwa wiki mbili.